Kisima, Choo na Sanduku la Chama

Hotuba iliyosomwa na ofisi ya Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eldoret



Kila mwaka halmashauri hutupa sisi wa ofisi nafasi fupi baada ya hesabu kusomwa, ili tuseme neno moja la kuufaa mkutano. Tumekwisha kusema juu ya karo za shule na juu ya vijana wetu wakaao bila kazi. Na mwaka mmoja, kama mkumbukavyo, tulisema juu ya wanachama wasiolipa ada, na hotuba ile haikupendwa. Leo tumechagua jambo la maji. Twawaomba wazee radhi mapema, kwa maana hatuwezi kulisema bila kutaja choo, na si adabu mtoto kutaja choo mbele ya baba zake. Tulitafuta neno jingine, hatukulipata.

Jambo lenyewe lilianzia katika daftari. Katika matumizi mliyosomewa asubuhi hii, kurasa nyingi ni za mazishi: jeneza, kuhifadhi maiti, gari la kukodi, mafuta ya kuvuka Turbo hadi kwetu, hema, viti, chakula cha waombolezaji. Hatuyasemi haya kwa kulaumu. Kazi hiyo ndiyo iliyokizaa Chama. Wazee wa kwanza walikuwa vibarua, wapishi na matarishi katika mji uliowahesabu kuwa wapita njia tu, nao waliogopa jambo moja kuliko yote, yaani kufa ugenini na kuzikwa na watu wasiowajua. Wakachangishana senti zao ili pasiwe na mtu wetu atakayeachwa. Ahadi hiyo haijavunjwa hata mara moja, nasi tunaoshika kalamu leo twaona fahari juu yake.

Lakini ziko habari ambazo daftari halizionyeshi. Mwaka juzi alikuja ofisini mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akaaye Langas. Mwanawe wa miaka minane alikuwa na homa siku ya sita, haili wala hachezi. Alikwisha kununua dawa za dukani mara mbili, na sasa alitaka Chama kimkopeshe fedha za kumpeleka mtoto hospitali. Tulifungua kitabu cha kanuni, tukamwonyesha kwamba sanduku letu lina fungu la msiba, wala halina fungu la maradhi. Tulimwambia kwa upole, tena tulimpa kiti. Akashukuru, akaenda zake. Hata alipopata fedha kwa jirani, mtoto alikuwa amezidiwa. Daktari akasema ni homa ya matumbo, na utumbo umekwisha kutoboka. Siku chache baadaye mama yule alirudi katika ofisi ile ile, akaketi katika kiti kile kile, akatia sahihi ya kupokea fedha za mazishi. Katika siku tatu wanachama walichanga fedha ambazo zingaliweza kumtibu mtoto yule mara kadhaa.

Yeye hakutulaumu. Sisi ndio tuliojiuliza, tulipofunga daftari jioni ile, kama kanuni tuliyoifuata vema namna ile ilikuwa kanuni njema.

Homa ya matumbo si uchawi wala bahati mbaya. Huletwa na maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mtu mgonjwa, au cha mtu aliyepona huku akiendelea kuibeba. Ndivyo kipindupindu, ndivyo kuhara damu, ndivyo na minyoo mingi ya watoto. Kwa hiyo yeyote atakaye kujua mtoto yule aliugua kwa njia gani yapasa aende atazame mahali alipokaa.

Wazee wataturuhusu tukumbushe kidogo jinsi mji huu ulivyokua, maana ugonjwa huu ni wa mji unaokua upesi. Mwaka 1910 hapakuwa na kitu hapa ila posta katika shamba nambari 64, na ndiyo sababu watu wa zamani waliuita mji Sisibo, na wako wauitao hivyo hata leo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Mwaka 1917 ikaanzishwa hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika, ambayo ndiyo mbegu ya Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi tunayoijua sasa. Reli ikafika mwaka 1924. Hata hivyo, katika hesabu ya watu ya mwaka 1979, mji mzima ulikuwa na watu wapatao 50,000 na zaidi kidogo. Mwaka 1989 walipita 111,000. Mwaka 2009 walikuwa 289,380, na mwaka 2019 wakawa 475,716. Mtu aliyezaliwa hapa mwaka ule wa 1979 aliuona mji wake ukiongezeka mara tisa kabla yeye mwenyewe hajaota mvi. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto alikabidhi hati, na Eldoret ikawa jiji la tano la Kenya. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia.

Watu walivutwa na viwanda, na kilimo cha mahindi na ngano, na Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa mwaka 1984, na uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka 1997. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichowapa baba zetu wengi mshahara tangu miaka ya 1970, kilipofungwa mwaka 2000, watu hawakurudi mashambani. Walibaki, wakashika mkokoteni, mjengo, au meza ya mboga kando ya barabara. Mwaka 2007 Chuo Kikuu kilikinunua kiwanda hicho na kukifufua, lakini mitaa ilikuwa imekwisha kujaa.

Mitaa hiyo twaijua: Langas, Huruma, Munyaka, Kamukunji na kadhalika. Langas ilikuwa shamba kabla ya kuwa mtaa. Haikupimwa na serikali kwa ajili ya mji. Iligawanywa na watu waliotaka pa kuweka kichwa, ploti kwa ploti, na kila ploti ikagawanywa tena kadiri watoto na wapangaji walivyoongezeka. Nyumba ya mabati huweza kusimama kwa mwezi mmoja. Bomba la maji taka huchukua miaka, nalo hungoja bajeti, na bajeti hungoja siasa. Basi watu walijifanyia wenyewe mambo mawili ambayo mtu hawezi kukaa bila nayo. Walichimba choo, na walichimba kisima. Na kwa kuwa ploti ni moja, mashimo hayo mawili yakawa majirani.

Hapa hatusemi kwa kubahatisha. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Kenya, Kimani-Murage na Ngindu, walichapisha uchunguzi walioufanya katika Langas yenyewe. Waliwahoji watu 192, wakachukua sampuli 40 za maji: 31 katika visima vifupi, 4 katika visima virefu, na 5 katika mabomba. Walikuta kwamba watu 91 katika kila 100 hutegemea kisima kwa maji ya nyumbani. Walikuta pia kwamba vyoo kama 40 katika kila 100 vilikuwa chini ya mita 15 kutoka kisimani. Bakteria wa jamii ya kolifomu, ambao kuonekana kwao ni alama ya maji yaliyochafuka, walikuwamo katika visima vifupi vyote, bila kubakia hata kimoja. Na wale wa namna ionyeshayo dhahiri kwamba kinyesi kimeingia walikuwamo katika 97 kwa kila 100 ya sampuli za visima hivyo. Katika visima virefu vinne, viwili vilikuwa na kinyesi. Katika mabomba matano hapakuonekana kitu.

Tulipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza tuliyasoma mara mbili, kisha tukatazama glasi ya maji iliyokuwa mezani petu.

Yeyote adhaniaye kwamba hizo ni habari kuukuu na afuatane nasi Langas siku ya mvua. Choo cha shimo hakina sakafu wala ukuta chini ya ardhi. Kilichomo ndani husharabiwa na udongo, na udongo hukichuja polepole, ikiwa umepewa nafasi ya kutosha. Wakati wa kiangazi maji yako chini sana, na uchafu hukawia njiani. Masika yanapofika, maji ya ardhini hupanda, hukutana na shimo la choo, yakaubeba uchafu hadi kisimani bila kupitia kichujio chochote. Juu ya ardhi nako kuna njia nyingine. Kisima hakina mdomo ulioinuliwa wala kifuniko. Maji ya mvua hupita uani, ambako watoto wadogo wamejisaidia, kwa maana watafiti wale walikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 hujisaidia penye uwazi, kisha hutiririkia humo. Tena kuna ndoo na kamba. Kila mpangaji huja na ndoo yake. Huiweka juu ya tope, huitumbukiza kisimani, huitoa, huiweka tena juu ya tope. Hata kisima kilicho mbali na choo huweza kuharibiwa kwa kamba peke yake.

Na maji yenyewe huwa meupe, ya baridi, yenye ladha nzuri. Hilo ndilo linalotudanganya. Wako wasemao, “Tumeyanywa miaka ishirini, na tu wazima.” Ni kweli, wasemao hivyo ni wazima. Wasio wazima hawapo hapa kusema, na wengi wao walikuwa hawajafika umri wa kwenda shule. Mtu mzima aliyezoea huenda akaumwa tumbo siku mbili akarudi kazini; mtoto mchanga aharaye siku mbili hukauka mwilini kama jani.

Twasikia pia wakisema, “Na wachemshe.” Ni shauri jema, nasi twalirudia kwa nguvu: maji ya kunywa na yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa chupani. Lakini anayelitoa shauri hilo aghalabu ana jiko la gesi. Mama mwenye watoto wanne, anunuaye makaa kwa mkebe, akiisha kupika ugali na mboga hubaki na makaa ya kuota tu. Akichemsha maji, anachemshia chakula cha kesho. Kadhalika maji ya bomba. Mwenye bomba uani hulipa kwa mita, mwisho wa mwezi. Asiye na bomba hununua mtungi mmoja mmoja kwa kijana wa mkokoteni, na mkizipima lita kwa lita mtaona kwamba yule maskini ndiye alipaye bei kubwa zaidi. Umaskini wa mjini una ubaya huu, kwamba kila kitu huuzwa kidogo kidogo, na kila kidogo ni ghali.

Wazee wetu, sasa tumefika mahali ambapo tunaogopa kusema, na tumeombeana ujasiri.

Wapangaji wa Langas wana wenye nyumba. Na wenye nyumba hao si wageni kutoka mbali. Baadhi yao wako katika ukumbi huu, wengine katika viti vya mbele. Ni wazee walioacha kunywa soda ili wanunue ploti, wakajenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa kiwandani, na leo kodi ya vyumba hivyo ndiyo pensheni yao na karo ya wajukuu wao. Hatuwaiti wanyang'anyi, wala hatumruhusu mtu yeyote kuwaita hivyo mbele yetu. Choo kile kilipochimbwa, ploti ilikuwa na jamaa mbili. Leo ina jamaa kumi, na choo ni kile kile, na kisima ni kile kile. Hapana mtu aliyekusudia ubaya. Lakini mtoto tuliyemzika alikunywa maji ya kisima cha ploti moja ya mwanachama, naye mwanachama huyo alichanga kwa ukarimu katika mazishi.

Nasi wa ofisi tusijitoe. Sisi pia tumepanga. Baada ya msiba ule tulipima kwa miguu ploti tunayokaa, kutoka mlango wa choo hadi mdomo wa kisima: hatua kumi na moja. Kwa miaka minne tulipita hapo kila asubuhi na ndoo, tena tukiwa tumesoma shule ya misheni na kufundishwa elimu ya usafi, hata mtihani tuliufaulu.

Mambo haya si ya Afrika peke yake. London, mji ambao vitabu vyetu vya shule vilitufundisha kuustaajabia, ulikuwa hivi hivi ulipokua upesi. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu kwa siku chache katika mtaa wa Soho. Wakubwa wa wakati huo walidhani ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Daktari mmoja, John Snow, aliomba katika ofisi ya uandikishaji orodha ya waliofariki, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja, kwamba marehemu alikuwa akichota maji wapi. Majibu yakamwelekeza kwenye pampu moja ya Broad Street. Akawasihi wakuu wa mtaa wauondoe mpini wa pampu hiyo, nao wakauondoa. Lakini London haikujenga mifereji mikubwa ya maji taka kwa sababu ya maskini wa Soho. Mwaka 1858 wakati wa joto, mto Thames ulinuka vibaya hata wabunge, ambao jumba lao liko ukingoni, hawakuweza kuketi. Ndipo fedha zikapatikana upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi. Wazee wanacheka, na ni haki yenu. Bado Sosiani haijanuka vya kutosha.

Na katika pwani yetu wenyewe, Unguja ilipigwa na kipindupindu mwaka 1869 hadi 1870, wakafa maelfu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini kutoka Chemchem, na wenyeji wa Unguja wanamkumbuka kwa hayo mpaka sasa.

Katika habari ya Daktari Snow, kilichotugusa ni ile orodha. Kazi yake kubwa ilikuwa kazi ya karani! Nasi tunayo orodha. Chama hiki kimeandika kila mtu wake aliyekufa katika mji huu, jina, tarehe, na gharama ya kumsafirisha. Hatukuandika kamwe alikuwa akikaa mtaa gani, akinywa maji gani, wala ugonjwa gani uliandikwa katika kibali cha mazishi. Katika matangazo yetu tumezoea kusema “baada ya kuugua kwa muda mfupi,” na maneno hayo yalifunika mengi, hasa miaka ile ya UKIMWI, kabla ya mpango wa AMPATH kuanza hapa mwaka 2001 na watu wakaona kwamba mgonjwa aweza kutibiwa akaishi. Hatuombi kutangaza siri za marehemu. Twaomba ruhusa ya kuongeza safu tatu katika daftari, zitakazosomwa na halmashauri peke yake, ili mwaka ujao tuweze kuwaambia ni ploti zipi zinazotuletea misiba.

Ombi letu la pili ni la fedha, nalo ni zito zaidi. Twaomba kwamba robo ya kila mchango wa msiba iwekwe katika fungu jipya, fungu la walio hai. Tumesikia manung'uniko hata kabla hatujalisema hapa. Mzee mmoja tunayemheshimu alituuliza, “Je, mwataka tuzikwe Eldoret kama watu wasio na kwao?” La hasha, mzee wetu. Gari litakwenda, jeneza litakuwapo, na atakayetangulia atalala kwao. Lakini si lazima yawe magari mawili. Si lazima tukodi hema la watu mia tano kwa watu mia mbili, wala kuchapisha fulana zenye picha ya marehemu, ambazo mwezi ujao hupigia deki. Twasadiki kwamba wazee waliokianzisha Chama hawakujua fulana hizo.

Fungu hilo litumike kwanza kwa bima ya afya. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA, imechukua mahali pa ile NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, wala hana shaka. Asiye na ajira hukadiriwa, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600. Ndugu yetu wa mkokoteni hana siku ambayo atakuwa na 3,600 mkononi bila mtoto kuhitaji viatu. Lakini aweza kuleta 300 kila mwezi kwa mweka hazina, Chama kikiwa kimemtangulizia. Kama fungu hilo lingalikuwapo mwaka juzi, mama yule asingalikuja kutuomba mkopo. Angalikwenda hospitali moja kwa moja.

Tena, hili halihitaji fedha: mwezi Julai 2025 serikali ilifanya kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Twajua kwamba wako wanachama waliowaficha watoto wao kwa sababu ya maneno ya simu za mkononi. Hatuwataji. Waende zahanati wakaulize sasa.

Pili, fungu litumike kwa visima vyenyewe. Kadi ya bima haisafishi maji. Kwa kila ploti ya mwanachama, Chama kitoe nusu ya gharama, mwenye ploti nusu: kuujenga mdomo wa kisima kwa matofali na saruji, kutia kifuniko, na kufunga ndoo moja na kamba moja isiyogusa ardhi. Pale ambapo choo kiko karibu mno, maji ya kisima yawe ya kufulia na kuoshea tu, na wenye ploti waungane, watatu au wanne, waombe bomba moja kwa kampuni ya maji ya ELDOWAS. Maji yanaletwa mjini kutoka mbali, hata kutoka bwawa la Chebara katika Elgeyo Marakwet. Ni ajabu yavuke kaunti nzima kisha yashindwe kuingia lango moja la mabati.

Twajua jibu litakalotolewa, kwamba hii ni kazi ya kaunti. Ni kweli, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na ya huduma za usafi za kiwango cha kuridhisha. Barua tutaziandika, ndiyo kazi yetu, na hatutachoka. Lakini barua ya watu wenye orodha ya ploti na vipimo vyake husomwa tofauti na barua ya watu wanaolalamika tu.

Kuna hofu nyingine, nayo hatuidharau. Katika ploti moja ya Langas hukaa watu wa makabila matano, wote wakichota kisima kimoja. Hatuwezi kusafisha maji ya watu wetu peke yao. Na baada ya mambo tuliyoyaona mwanzo wa mwaka 2008, mtu akiingia ploti ya jirani na kamba ya kupimia, jirani hafikiri habari za maji. Hufikiri habari za ardhi. Kwa hiyo hatutaingia ploti ya mtu asiye mwanachama ila yeye mwenyewe atuite, na tutakwenda pamoja na mzee wa mtaa, na mama mmoja au wawili, maana wao ndio wanaojua kisima kinabadilika rangi mwezi gani. Tutaanza na ploti tunayokaa sisi. Ya pili itakuwa ya Bwana Mwenyekiti, ambaye tulimwendea nyumbani kwa hofu wiki iliyopita, akanyamaza kitambo kirefu, kisha akasema, “Anzeni kwangu, msije mkasema nilijificha.”

Bwana Mwenyekiti, maombi yetu ni hayo: safu tatu katika daftari, na robo ya michango. Twaomba yapigiwe kura moja moja, ili asiyetaka la pili asilazimike kulikataa la kwanza. Kupima kutaanza Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano huu, saa mbili asubuhi, kwenye kituo cha matatu cha Langas. Kamba ya mita 15 iko ofisini. Atakayefuatana nasi aje na viatu vya mvua.